Mwongozo kamili: jinsi ya kufikisha 10 kwa tarakimu za pleti, mwaka ama kontena bila kubahatisha

Mchezo wenyewe waujua. Mko ndani ya feri Likoni ama mumekwama foleni ya Changamwe, mtu aangalia pleti ya tuktuk iliyo mbele, asema haya, hizo tarakimu zifikisheni 10. Watoto waupenda, wazee wa baraza waupenda, na hautaki hata shilingi. Shida ni kwamba karibu kila mtu akwama pale pale. Ajumlisha kutoka kushoto kuja kulia, haifiki, abadilisha alama moja, aanza upya, abadilisha ingine, mpaka achoka na kusema "hii haiwezekani" na kumbe yawezekana kabisa. Ama upande wa pili, ajitesa na namba ambayo haina jibu hata akikesha nayo.

Kubahatisha hivo ni sawa na kutafuta duka Marikiti kwa kuingia kila kichochoro. Njia nzuri ni kuanzia kwenye jibu. Unaishika ile 10, unarudi nayo nyuma, na tarakimu zenyewe zitakwambia zataka kufanywa nini. Ukilishika hilo moja tu, hata zile zinazotesa watu sana kama 1, 1, 5, 8 zitafunguka.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Karatasi na biro. Nyuma ya risiti yatosha. Usifanye kichwani mwanzoni, manake njia hii ina orodha fupi ya kuandika, na ukiibeba kichwani utasahau kitu kimoja, na mara nyingi hicho kimoja ndio chenye jibu.

Tarakimu. Anza na tatu, pleti za magari, tuktuk na bodaboda zetu zina tarakimu tatu na hio ndio saizi nzuri ya kujifunzia. Ukizoea nenda kwa nne: mwaka wowote unaoujua, ama tarakimu nne za mwisho za namba yako ya simu. Kontena zina sita, hizo tutazifikia mwisho.

Kalkuleta iwe ya kuhakikisha tu, si ya kutafutia jibu.

Na sheria, mukubaliane kabla hamjaanza. Za kawaida ni hizi: kila tarakimu itumike mara moja, hakuna kuacha hata moja, mpangilio waweza kuubadilisha, alama ni nne tu (jumlisha, toa, zidisha, gawanya), mabano ruhusa. Kuunganisha tarakimu, yaani 4 na 7 kuzifanya 47, hairuhusiwi mpaka mukubaliane. Nasisitiza hii kwa sababu ugomvi mwingi kwenye mchezo huu hauna uhusiano na hesabu, mmoja ameunganisha na mwenzake hakujua kama yaruhusiwa, bas, kelele.

## Hatua ya 1: Jumlisha zote, uangalie ziada

Kabla hujafanya chochote, jumlisha tarakimu zote. Ikitoka 10 umemaliza. Mwaka 2017, ule SGR ilipoanza kubeba abiria kutoka Mombasa kwenda Nairobi, ni 2+0+1+7, yaani 10 bila jasho.

Ikipita 10, chukua ziada uigawanye kwa mbili. Ukipata tarakimu mojawapo uliyonayo, ama jumla ya baadhi yake, hizo ndizo za kutoa, zilizobaki zijumlishe.

Mfano 5, 6, 7, 8. Jumla ni 26. Ziada juu ya 10 ni 16, nusu yake 8. Nane unayo? Unayo. Basi 5+6+7−8=10.

Kwanini nusu? Kwa sababu ukiihamisha 8 kutoka upande wa kujumlisha hadi upande wa kutoa, jumla inapoteza 8 mara mbili, ile iliyokuwa inaongezwa haiongezwi tena, na juu yake inatolewa nyingine. Kwa hivo ukitaka kupunguza 16 unahamisha 8.

Sasa chukua 1593, mwaka ujenzi wa Fort Jesus ulipoanza. 1+5+9+3 ni 18, ziada 8, nusu 4. Nne hatuna lakini 3 na 1 zikikutana ni 4. Toa zote mbili: 9+5−3−1=10.

Tahadhari: jumla ikiwa witiri, kama 13 ama 19 ama 25, kujumlisha na kutoa peke yake hakutafika 10 abadan. Usipoteze hata dakika kubadilisha alama hizo mbili. Na jumla ikiwa shufwa lakini nusu ya ziada haipatikani kwenye tarakimu zako, ni vile vile, lazima uingie kwenye kuzidisha ama kugawanya.

Utajua umefaulu hatua hii ukiwa na moja kati ya mambo mawili: jibu mkononi, ama uhakika kwamba jibu litahitaji kuzidisha au kugawanya. Uhakika huo nao ni faida kubwa, ushafunga mlango mmoja mzima.

## Hatua ya 2: Tarakimu tatu na orodha ya tano

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, soma polepole.

Ukiwa na tarakimu tatu, hesabu yako yoyote ile itaisha kwa tarakimu moja kukutana na matokeo ya zile mbili nyingine. Hakuna namna ingine. Kwa hivo chagua tarakimu moja, ifunike kwa kidole, ujiulize: hizi mbili zilizobaki zinipe nini ndio nikimaliza na hii nifike 10?

Majibu ni matano tu. Tuseme uliyoifunika ni 4:

- 6, manake 6+4=10
- 14, manake 14−4=10
- 40, manake 40÷4=10
- 10÷4, yaani mbili na nusu, manake mbili na nusu mara 4 ni 10
- 4÷10, manake 4 ukiigawanya kwa hio sehemu warudi 10

Kwa kila tarakimu orodha ni ile ile: 10 toa hio tarakimu, 10 ongeza hio tarakimu, 10 mara hio tarakimu, 10 gawanya kwa hio tarakimu, na hio tarakimu gawanya kwa 10. Watu waandika zile mbili au tatu za kwanza na kuziacha za mwisho kwa sababu zina sehemu na zaonekana mbaya. Usiziache. Utaona huko mbele kwamba zile ngumu zote zimejificha humo.

Jaribu pleti yenye 472. Jumla ni 13, witiri, kwa hivo hatua ya kwanza imetufukuza. Funika 4. Twataka 6, 14, 40, mbili na nusu, ama 4÷10 kutoka kwa 7 na 2. Saba na mbili zatoa nini? 9, 5, 14, na zile za kugawanya. Kumi na nne ipo! 7×2−4=10.

Umeona? Hakuna kubahatisha popote. Tulijua tunachotafuta kabla hatujakiona.

Nikiwafundisha watoto hii huwaambia waiandike ile waliyoifunika ndani ya kibox, orodha ya tano chini yake, na pembeni waandike kila kitu zile mbili zinaweza kutoa: jumla, tofauti, zao, na kugawanya huku na huku. Alafu ni kulinganisha macho tu, upande huu na upande ule. Mtoto wa gredi ya tano aifanya bila kelele.

## Hatua ya 3: Tarakimu nne, rudia kitu kile kile

Ukiwa na nne, funika moja, andika orodha ya tano. Zimebaki tatu, na sasa zina lengo jipya. Funika nyingine tena, rudi nyuma kwa lengo hilo jipya. Zimebaki mbili, hapo waona kwa macho.

Tuchukue 1498, mwaka Vasco da Gama alipofika Mombasa. Jumla 22, ziada 12, nusu 6. Sita haipatikani kwa 1, 4, 9, 8 hata uzijumlishe vipi. Twende mbele.

Mimi huanza kwa kufunika kubwa kubwa kwa sababu zina nguvu zaidi. Funika 8. Orodha: 2, 18, 80, 10÷8, 8÷10. Anza na ile rahisi: je, 1, 4 na 9 zaweza kutoa 2?

Lengo sasa ni 2, sahau 10 kabisa. Funika 4. Ili kufika 2, zile 1 na 9 zitupe 2+4 ambayo ni 6, ama 2×4 ambayo ni 8, ama 2÷4 nusu, ama 4÷2 ambayo ni 2. Na kwa vile lengo ni dogo kuliko tarakimu tuliyofunika, ongeza hii pia: 4−2, ambayo pia ni 2. Moja na tisa zatoa 10, 8, 9 na 1÷9. Nane ipo. Kwa hivo 9−1 ni 8, gawanya kwa 4 ni 2, ongeza ile 8 ya mwanzo:

8+(9−1)÷4=10.

Soma jibu hilo tena ujiulize, ungelifika kwa kubahatisha? Labda, baada ya muda mrefu. Kwa kurudi nyuma ni mistari mitatu ya karatasi.

Tahadhari ya hatua hii: watu wakishapata lengo jipya wanasahau walifika vipi, wafika 2 wafurahi, alafu hawajui ile 8 iongezwe ama izidishwe. Andika alama kando ya kila lengo unaposhuka. "2, kisha +8". Ukifika chini unapanda nayo.

## Hatua ya 4: Ukibaki na tarakimu usizozihitaji, zizime

Mara nyingine 10 inaonekana wazi kwa tarakimu mbili na zile nyingine ndio zinasumbua. Una njia mbili za kuzizima.

Njia ya sifuri: tarakimu mbili zinazofanana, moja toa nyingine, zimekufa. 3, 7, 5, 5 ni 3+7+5−5. Na kama una 0 yenyewe, izidishe na ile usiyoitaka: 0, 6, 4, 9 ni 6+4+0×9.

Njia ya moja: tarakimu zinazofuatana zikitoana zatoa 1, na 1 ukizidisha nayo haibadilishi kitu. 4, 6, 8, 9 yaonekana mbaya, jumla yake 27, witiri. Lakini 9−8 ni 1, na 4 na 6 zishafika. Kwa hivo 4+6×(9−8)=10. Fupi.

Tahadhari juu ya sifuri, kugawanya kwa sifuri hakuna, hata kama kwenye karatasi yaonekana kukubali.

## Hatua ya 5: Kata mbili mbili

Kufunika moja moja kuna kitu kimoja hakukioni: hesabu ambayo pande zote mbili zina tarakimu mbili. Kwa hivo kila ukimaliza kufunika, kata pia mbili kwa mbili. Ukiwa na nne kuna namna tatu tu za kuzikata, si kazi.

2, 3, 4, 6: (2+3)×(6−4)=10, tano mara mbili. 4, 5, 7, 9: 4×5÷(9−7)=10, ishirini kwa mbili. Unatafuta jozi zinazotengeneza 10: tano mara mbili, ishirini kwa mbili, thelathini kwa tatu, saba ongeza tatu, kumi na mbili toa mbili, hivo hivo. Ukicheza kidogo zitakaa kichwani zenyewe.

## Hatua ya 6: Zile ngumu, usiikimbie sehemu

Sasa tufike kwa 1, 1, 5, 8, ambayo watu waniletea kila mara wakisema haina jibu.

Jumla 15, witiri. Funika 8. Orodha: 2, 18, 80, 10÷8, 8÷10. Kutoka kwa 1, 1 na 5 huwezi kupata 2, na 18 na 80 ni mbali sana kwa vitarakimu vidogo kama hivo. Wengi waishia hapa. Lakini bado kuna mbili. Iangalie 8÷10: ukiipunguza ni nne ya tano, 4/5. Na wewe una 5 mkononi! Moja toa moja ya tano ni nne ya tano. Bas:

8÷(1−1÷5)=10.

Siri ni hii: namba ya chini ya sehemu ndio inakuonyesha ugawanye kwa ipi. Ukiona "ya tano" tafuta 5, ukiona "ya tisa" tafuta 9, ukiona robo tafuta 4.

Jaribu 1, 1, 9, 9. Funika 9 moja. Orodha: 1, 19, 90, 10÷9, 9÷10. Kubwa kabisa ambayo 1, 1 na 9 zatoa ni 18, kwa hivo 19 na 90 nje, na 1 pia haitoki ukizipanga vyovyote. Lakini 10/9 ni moja na moja ya tisa, na 9 ya pili ipo: 9×(1+1÷9)=10.

Na hii ya 3, 4, 7, 8 naipenda kuliko zote, manake inakudanganya vizuri. Funika 8, wataka 2, 18, 80, 10÷8 ama 8÷10 kutoka kwa 3, 4 na 7. Ukifanya 3×7−4 wapata 17. Ukifanya 3×4+7 wapata 19. Ile 18 yenyewe umeiruka katikati, na hapo mtu anaweza kukaa jioni nzima akiamini amekaribia. Hajakaribia, 18 haitoki kwa hizo tatu. Wacha. Nenda kwa 10÷8, ambayo ni robo tano, 5/4. Robo yataka 4 chini. Sasa 3 ni robo kumi na mbili, saba kwa nne ni robo saba, kumi na mbili toa saba ni tano. Kwa hivo 8×(3−7÷4)=10.

Utajua umeshika hatua hii siku utakapoona 10÷8 kwenye orodha na badala ya kuiruka ukaitazama kwanza.

## Hatua ya 7: Wakati wa kusema haiwezekani

Hii ni ya muhimu sawa na kupata jibu, na ni watu wachache wanaifundisha.

Pleti yenye 619. Jumla 16, ziada 6, nusu 3, haipo. Funika 6: wataka 4, 16, 60, 10/6 au 6/10, na 1 na 9 zatoa 10, 8, 9 na 1/9. Hakuna. Funika 1: wataka 9, 11, 10 au 1/10, na 6 na 9 zatoa 15, 3, 54, moja na nusu, na theluthi mbili. Hakuna. Funika 9: wataka 1, 19, 90, 10/9 au 9/10, na 6 na 1 zatoa 7, 5, 6 na 1/6. Hakuna.

Tarakimu zote tatu zishafunikwa, na kila hesabu lazima iishe kwa mojawapo. Kwa hivo jibu halipo. Hapa hujashindwa, umethibitisha, na mtu akikubishia mpe karatasi aangalie.

Kwa tarakimu nne kuna mambo mawili ya kukusaidia usijitese:

Kwanza, kama zote nne ni tofauti na hakuna sifuri ndani, jibu lipo. Daima. Mikusanyiko ya aina hio ni 126 na yote yafika 10. Kwa hivo ukikwama na 3, 4, 7, 8 usiseme haiwezekani, endelea kutafuta. Ukizihesabu zote pamoja na zenye sifuri na zinazojirudia, mikusanyiko ni 715, na 552 kati yake ina jibu.

Pili, ukiwa na sifuri mbili, zile mbili nyingine lazima zifike 10 peke yake: 1 na 9, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6, 5 na 5, ama 2 na 5 kwa kuzidisha. Nje ya hapo hakuna kitu. Ndio maana 2010, mwaka wa katiba mpya, haifiki. Sifuri tatu, usiguse.

Pale ambapo jibu halipo, ndio wakati wa kulegeza sheria kama wenzako watakubali. Ruhusu kuunganisha na 2010 yawa 2×0+10. Tena bila kuvunja mpangilio! 4, 4, 4, 4 kwa sheria za kawaida haina jibu lakini ukiunganisha ni (44−4)÷4. Ruhusu kipeuo cha pili na ile 619 yakubali mara moja, kipeuo cha pili cha 9 ni 3, na 6+1+3 ni 10. Maoni yangu, usiruhusu hivi vitu mapema. Mtoto akiwa na kila kifaa kutoka mwanzo hatajifunza kurudi nyuma, atakuwa anatupa alama tu.

## Hatua ya 8: Hakikisha kabla hujasema

Majibu mengi yanayokataliwa yamekosea mabano, si wazo.

Chukua 2, 3, 2. Mtu aandika 2+3×2 asema ni 10. Akibonyeza kwenye ile kalkuleta ndogo ya dukani itamwambia 10 kweli, kwa sababu nyingi za aina hio zafanya hesabu vile unavyobonyeza, 2+3 ni 5, mara 2. Kalkuleta ya simu itasema 8, na simu ndio iko sawa, kuzidisha hutangulia. Jibu lake ni zuri lakini aliandike (2+3)×2.

Ingine ni hii BODMAS ya shule, ama MAGAZIJUTO kwa waliosoma upande wa Tanzania, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Watu waichukua kama ngazi, waamini kujumlisha lazima kutangulie kutoa. Sivyo. Kujumlisha na kutoa ni daraja moja, unaenda kutoka kushoto. 8−3+5 ni 10. Anayeanza na 3+5 apata 0 na akuambia umekosea, na umepata. Kuzidisha na kugawanya pia ni daraja moja, kushoto kwenda kulia.

Na ukihakikisha zile za sehemu, fanya kwa mkono. Zipo kalkuleta ambazo ukigawanya 1 kwa 9 zinakata mkia, alafu mwisho zakupa 9.999999 na mtu akatae jibu lako la haki.

## Ukizoea: kontena na lengo la 100

Trela zinazotoka bandarini kupita Changamwe na Miritini ni hazina ya mchezo huu. Kontena ina herufi nne, kisha tarakimu sita, kisha moja ya saba ambayo kwa kawaida imewekwa ndani ya kibox. Hio ya kibox iache, ni ya ukaguzi, imehesabiwa kutokana na herufi na tarakimu zilizo mbele yake ili namba ikiandikwa vibaya ijulikane. Tumia zile sita.

Sita kwa 10 bila mpangilio ni rahisi mno, kwa hivo lengo liwe 100 na tarakimu zibaki zilivyo, hakuna kuhamisha. Hapo huchagui ya kufunika ovyo, unakula kutoka mwisho ama kutoka mwanzo. Anza na ya mwisho, na 100 ni rafiki ukiwa na 2, 4 ama 5 mwishoni manake yagawanyika vizuri.

Mfano 506284. Mwisho kuna 4. 100÷4 ni 25, kwa hivo 5, 0, 6, 2, 8 zitupe 25. Mwisho sasa ni 8, 25−8 ni 17. Zimebaki 5, 0, 6, 2. Hapa kula kutoka mbele: 17−5 ni 12. Na 0, 6, 2? Sifuri ongeza sita mara mbili, 12 hio. Panda nayo:

(5+0+6×2+8)×4=100.

Mukiruhusu kuunganisha, 371942: mwisho 2, lengo 50. Kisha 4, lengo 46. Zimebaki 3, 7, 1, 9, na 37+1×9 ni 46. Jibu (37+1×9+4)×2=100.

Trela ikikupita kabla hujamaliza, namba ushaiandika, endelea nayo. Na kama wewe ndiye dereva wa gari la nyuma, hii si yako, mwachie abiria.

## Za kujaribu mwenyewe

Rahisi: 385. Hatua ya 1 yatosha.

Ya kati: 1963, mwaka wa uhuru. Jumla ni witiri, kwa hivo waza kugawanya. Funika 9 uangalie lengo la kwanza kwenye orodha.

Kontena: 251407 ifike 100 kwa mpangilio, kuunganisha ruhusa.

Ngumu: 1, 3, 3, 7. Zinajirudia kwa hivo huna ile dhamana ya 126, lakini jibu lipo. Funika 3 moja, ruka mpaka kwenye ile 10÷3, ujiulize theluthi yataka nini chini yake.

Majibu ya tatu za kwanza: 8+5−3, kisha 9+6÷3−1, kisha 25×1×4+0×7. Ile ya mwisho siiandiki hapa, karatasi unayo.